Shule Iliyozaliwa katika Nyumba ya Padri

Katika vijiji vyetu kuna neno ambalo karibu kila mtoto amelisikia: "Soma, usije ukazeeka na jembe mkononi." Sisi tuliojifunza ualimu tumelitamka mara nyingi, tena kwa nia njema. Na mtoto aliyechelewa kufika darasani tulimtuma kulima bustani ya shule iwe adhabu yake. Hivyo, bila kutaka, tulimfundisha kwamba kazi inayomlisha, kazi ya baba na mama yake, ni adhabu. Kosa hilo si letu peke yetu, na wapo watu waliotangulia kutafuta dawa yake. Inafaa vijana wawajue.

Turudi nyuma hadi mwaka 1935, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika kijiji kidogo kiitwacho Sérignac-Péboudou. Wakati huo sheria ilimtaka mtoto asome hadi umri wa miaka 13 tu. Baada ya hapo mtoto wa mkulima alisimama kwenye njia panda. Akienda mjini kuendelea na masomo, mara nyingi hakurudi tena shambani. Akibaki nyumbani, masomo yake yalikoma. Wazazi walilazimika kuchagua: kumpoteza mtoto, au kumwacha bila maarifa.

Mkulima mmoja wa hapo, Jean Peyrat, alikuwa na mwana asiyetaka kuendelea na shule ya kawaida. Akamwendea paroko wake, padri Pierre-Joseph Granereau, ambaye mwenyewe alizaliwa mwaka 1885 katika jamaa ya wakulima. Wakashauriana, na jamaa nyingine zikaitwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo vijana wanne wakaanza kusoma katika nyumba ya padri. Kila mwezi walikaa kwake juma moja, wakila na kulala humo, wakifuata masomo ya kilimo yaliyoletwa kwa posta. Majuma yaliyobaki walifanya kazi shambani pamoja na wazazi wao.

Mpango huo ulikua upesi. Mwaka 1937 ulipata makao katika mji mdogo jirani, Lauzun, na hapo likazaliwa jina la Nyumba ya Jamaa. Jina hilo lina maana yake. Wazazi hawakuwa watu wa kuitwa tu siku ya kutoa pesa au siku mtoto alipokosa. Waliunda chama, nao wenyewe wakabeba madaraka ya nyumba. Padri alikuwa na elimu, lakini hakuifanya kuwa mali yake.

Katika miaka ya 1940 njia ya kufundisha ilitengenezwa zaidi. Kijana alirudi nyumbani na maswali: Udongo wetu ukoje? Kwa nini mwaka huu mavuno yamepungua? Ng'ombe wetu anakula nini? Aliwauliza wazazi na majirani, akaandika, kisha akayaleta majibu shuleni. Huko vijana walilinganisha waliyoyakuta, na mwalimu akajenga somo juu yake. Hivyo mzazi ambaye hakusoma sana akawa naye mwalimu, na shamba likawa kama kitabu.

Kuanzia miaka ya 1960 nyumba za namna hiyo zilifunguliwa Senegal na katika nchi nyingine za Afrika, kisha Brazil na kwingineko.

Hatusemi kwamba shule pekee yatosha. Kijana aweza kujua sana kulima mihogo, lakini pasipo barabara mavuno yataozea kijijini. Na pasipo amani hatathubutu hata kulifikia shamba lake. Historia hii haiwaondolei watawala wajibu wao. Lakini yatukumbusha kwamba kazi ile ilianza na vijana wanne, padri mmoja, na wazazi waliokataa kuchagua kati ya mtoto na shamba.

Nasi walimu tunayo deni kwenu: tuliloliita adhabu, tuliite sasa maarifa. Kwenu vijana tunaomba jambo moja. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwulize mzazi wake, au mzee wa jirani, swali moja juu ya kazi ya mikono yake, aandike jibu, na alilete kikundini. Tutaanzia hapo.