Darubini ya bunduki: kabla hujauliza inakuza mara ngapi

Mtu akitafuta darubini ghali ya kulenga shabaha ya mbali, swali la kwanza huwa: inakuza mara ngapi? Historia ina swali bora. Kila uso wa lenzi tupu hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya mwanga. Zikiwa nyuso 10, piga hesabu: unabaki na asilimia 66 tu! Mwanga unaorudi nao hutia picha ukungu.

Mwaka 1935, mwanafizikia Oleksandr Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alibuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba mno, unene wa robo ya wimbi la mwanga. Mawimbi yanayorudi hufutana, mwanga hupita.

Basi uliza kwanza lenzi zimepakwaje. Ukikuza ukungu, unapata ukungu mkubwa.