Nyumba zilizoteketea na kitabu kisichotaja wauaji

Kusini mwa Ziwa Naivasha, nchini Kenya, lipo jumba jeupe lenye kuba, lililojengwa kwa mtindo wa Kimoroko, ambalo walowezi wa Kizungu waliliita Jumba la Majini. Aliyelijenga ni Mwingereza Cyril Ramsay-Hill. Mkewe Mary alimwacha, na mwaka 1930 akaolewa na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, aliyekuja kuishi naye humo. Mary alikufa mwaka 1939, afya yake ikiwa imeharibiwa na pombe na dawa za kulevya. Miaka miwili haikutimia, Erroll naye akafa: alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi, amepigwa risasi kichwani.

Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mke wake kijana, Diana, alikuwa na uhusiano na Erroll. Avoka wake, Harry Morris kutoka Johannesburg, aliionyesha mahakama kwamba risasi zilizomuua Erroll hazikuweza kutoka katika bastola iliyosemwa kuwa ya Broughton. Tarehe 1 Julai Broughton aliachiliwa huru. Mwaka uliofuata alijiua Liverpool, Uingereza. Diana aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri, akahamia katika Jumba la Majini lile lile.

Mwaka 1982 James Fox alitoa kitabu juu ya kifo cha Erroll, *White Mischief*, na miaka mitano baadaye ikaja filamu. Mwaka 2013 Juliet Barnes alichapisha *The Ghosts of Happy Valley*, kitabu kinachozunguka katika magofu ya nyumba za walowezi hao pamoja na hadithi za mizimu yake. Katikati ya vitabu hivyo viwili vimeandikwa vingine vingi, na kila kimoja kina muuaji wake. Mtu mmoja ameuawa, hakuna aliyehukumiwa, na miaka zaidi ya themanini baadaye bado anatafutiwa muuaji.

Nayaandika haya nikiwa upande huu wa Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, Kongo, ambako zipo nyumba zilizoua watu wengi kuliko hadithi zote za Naivasha. Nazo zina kitabu chao, kimoja tu.

Kitabu hicho ni ripoti ya Umoja wa Mataifa ambayo watu huiita Ripoti Mapping. Ilitolewa tarehe 1 Oktoba 2010 na ofisi ya haki za binadamu iliyoko Geneva, wakati huo ikiongozwa na Navi Pillay. Ina kurasa zaidi ya 550. Inahesabu matukio 617 ya ukatili uliofanyika Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na wachunguzi wake waliwasikiliza mashahidi zaidi ya 1,280. Kazi hiyo ilianzia kwenye makaburi ya halaiki yaliyogunduliwa Rutshuru mwaka 2005. Imeandikwa kwa lugha ya ofisi, aya baada ya aya zenye namba, na aya za matukio zina tarehe, kijiji, kundi lililofanya na waliokufa.

Lweba imo. Abiria wa barabara ya Uvira kwenda Baraka hupita kijiji hicho, ziwa likiwa kushoto na milima kulia. Ripoti inasema kwamba tarehe 29 Septemba 1996 watu wenye silaha wa kabila la Wabembe, wakisaidiwa na askari wa Zaire, waliwaua hapo watu 152 wa jamii ya Banyamulenge, wengi wao wanawake na watoto. Wengine walikatwa kwa mapanga. Wengine waliteketezwa ndani ya nyumba iliyowashwa moto kwa guruneti.

Makobola nayo imo, pamoja na Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Hapo ni siku za mwisho wa mwaka, kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999. Kulikuwa na mapigano kati ya wanamgambo wa Mayi-Mayi na wanajeshi wa kundi la waasi la RCD waliokuwa pamoja na askari wa Rwanda na wa Burundi. Baada ya mapigano wanajeshi hao waliingia vijijini. Ripoti inataja waliouawa zaidi ya 800, watoto wengi wakiwemo, watu wa Msalaba Mwekundu na viongozi wa dini pia. Wapo waliochomwa moto wakiwa hai majumbani mwao. Wakati familia nyingine zilikuwa zikisherehekea Mwaka Mpya, watu wa Makobola walikuwa wanakimbilia milimani na majini, na wengi wa teritwari hii waliishia ng'ambo, katika kambi za Kigoma kama Nyarugusu.

Nimeziweka Lweba na Makobola pamoja kwa kusudi. Najua wapo ndugu zangu watakaoudhika kusoma Lweba, na wapo wengine watakaotaka Makobola iishe haraka. Kwetu kila upande, wa Wabembe na wa Banyamulenge, umezoea kusimulia moto wake na kuunyamazia moto wa jirani. Ripoti ile haikufanya hivyo. Mtoto aliyeungua Lweba na mtoto aliyeungua Makobola wamo katika kitabu kimoja, wakihesabiwa kwa kipimo kimoja, na kwa sababu hiyo peke yake kinastahili kusomwa kwa sauti katika kila kijiji cha pwani hii, kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Lakini kitabu hicho kina pengo. Kinataja makundi, hakitaji watu. Majina ya wanaoshukiwa yaliwekwa katika hifadhi ya siri ya Umoja wa Mataifa, yakisubiri mahakama itakayoyahitaji. Hata kabla ya kutolewa, nakala ya awali ilipovuja Agosti 2010, Rwanda ilitishia kuwaondoa askari wake katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Ripoti ilitoka, majina hayakutoka. Daktari Denis Mukwege, ambaye wagonjwa wake waliuawa katika hospitali ya Lemera Oktoba 1996, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 alilizungumzia jambo hilo hilo mbele ya dunia: ripoti ipo, waathirika na mahali vimeandikwa, waliofanya hawatajwi.

Naivasha inatufundisha kinachotokea pengo kama hilo likiachwa wazi. Jina la muuaji lisipotamkwa na hakimu, lawama hutafuta pa kukaa. Kule ilikaa juu ya mizimu na mapenzi ya walowezi, na hasara yake ilikuwa ndogo. Kwetu imekaa juu ya makabila. Badala ya kusema fulani, mwenye cheo fulani, aliamuru nyumba ile ichomwe, tunasema Wabembe walichoma, Banyamulenge waliua. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 katika milima ya Minembwe au hapa Baraka anarithi deni la moto ambao hakuuona, na mwenye kutaka vita humwita kwa deni hilo. Vijiji vilivyoungua katika milima ya Fizi miaka ya karibuni, vya pande zote, viliunguzwa na watu waliokulia katika masimulizi hayo. Sisemi hii ndiyo sababu ya pekee. Yapo madini, ng'ombe, ardhi, madaraka na mikono ya majirani. Lakini kuni za kuwashia zimo humo.

Wanaosema kwamba Fizi haiwezi kuhukumu wauaji wake wamesahau mwaka 2011. Usiku wa tarehe 1 Januari mwaka huo askari wa serikali waliwabaka wanawake wa mji wa Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilisafiri ikaja kukaa hapa Baraka. Wanawake walitoa ushahidi, mawakili wakatetea, na tarehe 21 Februari luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya binadamu, pamoja na baadhi ya askari wake. Kesi ilichukua wiki chache tu. Baada ya hukumu ile hakuna aliyelazimika kulilaumu kabila la luteni-kanali, kwa maana jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya watu.

Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika wa ukatili wa vita, FONAREV. Fidia inahitajika, nyumba zijengwe, wajane wasaidiwe. Ila mjane wa Makobola akipewa fedha bila kuambiwa nani aliyempa ujane, amepata nusu ya anachodai. Vivyo hivyo Mnyamulenge aliyenusurika Lweba, popote alipo.

Aliyekuwa na miaka 40 siku ya Lweba, leo ana miaka ipatayo 70. Mashahidi waliozungumza na wachunguzi mwaka 2008 na 2009 wanazidi kupungua kila mwaka, hapa na kambini. Majina yaliyofungwa Geneva yaletwe mbele ya mahakama wakati bado wapo wanaoweza kusimama na kusema: ndiye huyu, au siye huyu.