Baada ya Pigo: Zeze la Unyanyembe na Kibodi ya Leo

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, Unyanyembe ilikuwa tayari njia panda ya bara: njia moja ikitoka Bagamoyo kupitia Ugogo, nyingine ikishuka Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton aliusema vibaya muziki aliousikia njiani, na hukumu hiyo leo haina uzito wowote. Ila alipofika kwenye ala zenyewe, kalamu yake ilitulia. Alilieleza zeze kipande kwa kipande: kibuyu kilicho wazi upande mmoja, mti mwepesi uliofungwa juu yake, uzi mmoja unaopita juu ya kidaraja, na kwenye ncha ya mkono wa kushoto vifundo vitatu vilivyochongwa, vikitenganishwa na mianya miwili. Akaongeza kwamba mara nyingine uzi wa pili hufungwa ubavuni mwa mti ili uvume chini ya ule wa juu. Maelezo hayo mafupi yanatosha kuanzishia hoja ya makala haya: kwamba ule ufundi ambao wapiga kibodi wa leo wanauita aftatachi, yaani kuendelea kuigandamiza noti baada ya kuipiga ili ipinde, una historia katika njia ya misafara, na kwamba anayeifahamu historia hiyo ataitumia kibodi yake vizuri zaidi kuliko anayeiona aftatachi kuwa pambo lililokuja na mashine.

Tulitazame zeze kwa karibu. Kidole kikiubana uzi juu ya kifundo, sauti husimama mahali pake. Kikirudi nyuma kidogo hadi penye mwanya, hakuna tena mti wa kukipokea. Uzi huzama, hukazika, na sauti hupanda. Ukiongeza nguvu inapanda zaidi, ukilegeza inarudi ilikotoka, na yote hayo hutokea wakati mkono wa kulia umeshamaliza kazi yake ya kuudonoa uzi. Hapo kuna matendo mawili, kuizaa sauti na kuilea, na la pili ndilo linalomtofautisha fundi na mwanagenzi. Tuangalie pia kwamba mgandamizo huo una upande mmoja tu. Kidole kinaweza kuukaza uzi, hakiwezi kuulegeza kuliko ulivyofungwa, kwa hiyo noti hupinda kwenda juu na kurudi. Haishuki chini ya kituo chake. Uzi wa ubavuni nao hauguswi na mgandamizo huo. Unabaki kwenye mvumo wake ule ule huku mwenzake akipanda na kushuka, na msikilizaji hupata utamu kwa sababu kimoja kinatembea na kingine kimetulia.

Mtu anaweza kusema kwamba zeze si la Tabora hata kidogo, kwani Burton mwenyewe aliandika kuwa ala hizi zilitoka pwani. Ni kweli, na wataalamu wa ala wameisogeza asili yake mbali zaidi, wakilihusisha na jejy voatavo ya Madagaska na ala za visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Lakini pingamizi hilo linaisaidia hoja. Ala ya aina hii yenye mti bapa, vifundo na kibuyu imekutwa Rwanda ikiitwa inzenze, kwa Wakonzo wa magharibi mwa Uganda ikiitwa nzenze, na mashariki mwa Kongo, yaani mle mle mlimopita pembe, shaba, chumvi na nguo. Chombo hakisafiri chenyewe. Kilibebwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya upagazi kuwa kazi ya heshima, ya kijana kutoka nyumbani na kurudi mwanamume. Mtu aliyebeba mzigo wa frasila mbili kwa miezi mitatu hakuongeza juu yake kitu asichokihitaji. Zeze lilikuwa jepesi, lilitengenezeka kwa kibuyu na mti wa mahali popote, na lilitosha mtu mmoja kambini. Tabora haikulibuni, ila iliwapa watu waliolieneza, na katika historia ya muziki kueneza ni kazi kubwa sawa na kubuni.

Ushahidi wa pili umetoka mbali. Mwaka 1909 msomi wa muziki Erich von Hornbostel wa Berlin, ambako nyimbo za Afrika Mashariki zilikuwa zikihifadhiwa kwenye silinda za nta za kurekodia sauti, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Mwaka huo huo yeye na Otto Abraham walitoa mapendekezo ya namna ya kuandika kwenye mistari mitano muziki usio wa Ulaya, na kati ya waliyoyapendekeza ni alama za kujumlisha na kutoa juu ya noti iliyo juu au chini kidogo ya ile inayotarajiwa, pamoja na mistari ya kuonyesha sauti inayoteleza. Alama hizo zinajieleza. Mistari mitano ilikuwa na mahali pa kuandika pigo, haikuwa na mahali pa kuandika kinachotokea baada yake. Msomi mwenye masikio mazuri alilazimika kubandika vijialama juu ya maandishi yake ili asiseme uongo kuhusu alichokisikia.

Kisha vikaja vyombo vilivyofuata mantiki ya mistari hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ukakoma, na muziki wa mji ukaanza kujengwa juu ya ala zilizokwishakatwa noti kiwandani. Kinanda cha misheni, kile cha kukanyaga kwa miguu, kina ufunguo unaofungua upepo na kuufunga. Ukiisha kuubonyeza, kidole chako hakina tena la kuiambia noti hiyo. Gitaa la dansi lina freti za chuma. Na hapa ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote: Tabora iliyojulikana Afrika Mashariki nzima, Tabora ya bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, haikujenga jina lake kwa kupinda noti. Magitaa yao yalipokezana, moja likishika njia na jingine likipita juu yake kwa noti safi zilizokatwa vizuri, na mandolini ya Kiko Kids, yenye nyuzi za jozi, ni ala ngumu mno kupinda. Kama mji uliendelea bila mgandamizo kwa miaka hamsini, kwa nini tuuite urithi? Jibu ni kwamba haukuendelea bila huo, uligawana kazi. Ule ulezi wa sauti ulihamia kooni mwa mwimbaji, ambaye aliingia kwenye neno kwa chini kidogo na kulipandisha, na kwenye saksafoni, ambayo mdomo huikaza au kuilegeza. Magitaa yaliweza kuwa imara kiasi kile kwa sababu sauti iliyokuwa juu yake haikuwa imara. Ni uhusiano ule ule wa nyuzi mbili za zeze, safari hii ukichezwa na bendi nzima.

Wenye vinanda Ulaya nao waliuona upungufu huu zamani. Klavikodi, kinanda kidogo cha nyumbani ambacho kipande chake cha shaba hubaki kikigusa uzi maadamu kidole kiko chini, kilimruhusu mpigaji kutikisa na kupandisha noti, na Carl Philipp Emanuel Bach aliueleza ufundi huo katika kitabu chake cha mwaka 1753. Piano iliufuta. Mkanada Hugh Le Caine aliurudisha kwa umeme kati ya 1945 na 1948, katika kinanda ambacho ufunguo ulisukumwa ubavuni ili kupinda sauti na kugandamizwa ili kuikuza. Mwaka 1977 Yamaha ilitoa kinanda cha umeme CS-80, ambacho kila ufunguo wake ulihisi mgandamizo wake wenyewe. Ilikuwa mashine nzito na ghali, na wengi waliofuata walichagua njia nafuu: DX7 ya mwaka 1983 ilitumia kihisi kimoja kwa kibodi nzima. Kanuni za MIDI, lugha ya kuunganishia ala za umeme, zilizotoka mwaka huo huo ziliruhusu aina zote mbili, mgandamizo wa ufunguo mmoja mmoja na mgandamizo wa chaneli yote, na ala za kompyuta zinazopigwa leo katika studio za Tabora, Mwanza na Dar es Salaam bado zinasoma kanuni hizo.

Sasa zeze linaweza kutufundisha kupanga mashine. Kwanza, aftatachi ya MIDI hupimwa kuanzia 0 hadi 127, kutoka kutogandamiza hadi kugandamiza kwa nguvu zote. Haina upande wa chini, sawasawa na uzi. Wapigaji wengi husema gurudumu la kupindia linatosha, tena linapanda na kushuka na lina ngazi 16,384. Lakini gurudumu hukaliwa na mkono wa kushoto, nalo huitenga kazi ya kulea na kidole kilichozaa sauti. Mpigaji huanza kupinda kwa mahesabu badala ya kuhisi. Idadi ya ngazi nayo haina haja ya kututisha. Ukiuwekea mgandamizo upeo wa toni moja, yaani senti 200, kila ngazi ni takribani senti moja na nusu, na sikio halitambui hatua hizo. Ukiupa upeo wa oktava, kila ngazi inakaribia senti tisa na nusu na utasikia noti ikipanda kama mtu anayekwea ngazi. Zeze halikupinda oktava. Toni moja ni nyingi, na mara nyingi nusu yake inatosha.

Pili, mtu asiutwike mgandamizo kazi ya kurekebisha ulinganifu wa ala. Wagogo, majirani wa njia hiyo hiyo, hulinganisha sauti zao na mfululizo wa sauti asilia, ambamo ile ya saba iko senti 31 chini ya noti ya kibodi iliyo karibu nayo. Kwa kuwa aftatachi haishuki, anayetaka kuifikia kwa kidole atalazimika kupiga ufunguo wa chini yake na kuusukuma senti 69 bila kutetereka, wimbo mzima. Hiyo ni adhabu. Programu nyingi huruhusu ulinganifu ubadilishwe kabla ya kuanza. Ubadilishwe huo kwanza, kisha kidole kibaki na kazi yake ya kutoka kituoni na kurudi.

Tatu, na hili ndilo linaloharibu mazeze mengi ya kompyuta, ni ule uzi wa ubavuni. Aftatachi ya chaneli hupinda kila noti inayolia, mvumo pamoja na wimbo, na msikilizaji hupoteza ile sauti tulivu aliyokuwa akipimia nyingine. Dawa ya bei nafuu ni kuuweka mvumo kwenye chaneli nyingine isiyopokea mgandamizo. Dawa kamili ni kibodi inayohisi kila ufunguo peke yake, au vifaa vya utaratibu wa MPE uliopitishwa mwaka 2018, unaoipa kila noti chaneli yake. Watasema, na kwa haki, kwamba kibodi za bei ndogo zinazofika madukani kwetu mara nyingi hazina aftatachi ya aina yoyote. Hata hivyo kioo cha simu kinachosoma mwendo wa kidole kinaweza kutuma ujumbe ule ule kwenye kompyuta, na anayejua kwamba noti ya zeze hupanda kidogo, hurudi, na huacha mvumo mahali pake ataweza kuichora hata kwa kipanya, mstari kwa mstari, kwenye skrini ya studio.