Mchambuzi wa Mifumo ya Simu: Istilahi na Kazi Yake Hospitalini

Ukimuulizia fundi simu jijini Arusha utaelekezwa kibandani, kwa kijana mwenye bisibisi ndogo na taa ya mezani, anayebadilisha vioo vilivyopasuka na sehemu za kuchajia zilizolegea. Jina hilo limeshapata mwenyewe, na ni mwenyewe halali. Ugumu unaanza hospitali inapomhitaji mtu wa aina nyingine: yule anayehakikisha kwamba simu ya muuguzi aliyeko kata ya Nduruma, kwenye tambarare chini ya Mlima Meru, inapokewa na mtu anayehusika, kwa wakati, hata umeme ukikatika. Huyo naye ataitwa fundi simu, au opareta, au mtu wa TEHAMA. Katika majina hayo matatu hakuna linaloitaja kazi yake.

Katika taasisi za afya za umma za nchi zenye mitambo mikubwa ya simu, cheo cha kazi hiyo kipo na hutangazwa. Kimejengwa kwa mawazo manne: simu, mifumo, usaidizi na uchambuzi. Kikitafsiriwa neno kwa neno tunapata "mchambuzi wa usaidizi wa mifumo ya simu". Ni jina refu, na kabla ya kulikubali au kulipunguza, kila kipande chake kinafaa kupimwa.

Simu ni neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni waya. Katika Kiswahili cha zamani lilihusu telegrafu kabla ya kuhusu mazungumzo, na mawasiliano yasiyo na waya yakaitwa simu ya upepo. Baadaye zikaja simu ya mezani na simu ya mkononi. Neno limeufuata ufundi hatua kwa hatua bila kuchakaa, kwa hiyo linatosha kubeba kila kitu kilichomo hospitalini: swichibodi, laini za nje, namba za ndani za wodi, namba fupi za bure na simu zinazopitisha sauti kwa intaneti.

Mfumo linatokana na kufuma, na hapo kuna faida kubwa. Anayeitwa mchambuzi wa mifumo haangalii kifaa kimoja kilichoharibika. Anaangalia jinsi nyuzi zilivyopitana: mnara, laini, swichibodi, ratiba ya zamu na mtu wa kupokea.

Kwa kipande cha nne kuna maneno mawili yanayoshindana, mchambuzi na mchanganuzi. Kuchanganua ni kutenganisha kitu katika sehemu zake, na neno hilo limezoeleka zaidi katika sayansi na sarufi. Kuchambua kunabeba jambo la ziada, maana anayechambua maharage hatenganishi tu, bali huamua lipi libaki na lipi litupwe. Mtu wa simu za hospitali anapopokea malalamiko kwamba "simu hazipatikani" hufanya uamuzi wa namna hiyohiyo: hii ni hitilafu ya mtandao, hii ni laini iliyokatwa, hii ni zamu isiyo na mtu, hii ni namba iliyobandikwa ukutani kimakosa. Tena neno mchambuzi limeshazoeleka katika cheo cha mchambuzi wa mifumo ya kompyuta, hivyo litaingia kwenye nyumba yenye ndugu zake.

Kipande kilichobaki ndicho chenye mtego. Ukiandika "mchambuzi msaidizi", msomaji ataelewa mtu wa ngazi ya chini anayemsaidia mchambuzi mkuu. Ukiandika "mchambuzi wa msaada", litasikika kama jambo la hisani. Usaidizi ndilo neno sahihi, ila ndani ya cheo linaongeza urefu kuliko maana, kwa sababu mchambuzi wa mifumo inayofanya kazi saa 24 hana budi kuwasaidia wanaoitumia. Makala haya yanapendekeza mchambuzi wa mifumo ya simu, na usaidizi uandikwe kwenye orodha ya majukumu.

Uzito wa majukumu hayo unaonekana vizuri katika mfumo wa m-mama. Huu ni utaratibu wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na tarehe 6 Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua jijini Dodoma ili uenee nchi nzima. Mlango wake ni namba 115, isiyotozwa gharama. Anayepiga huzungumza na mratibu, ambaye huuliza maswali ya kupima ukubwa wa dharura, huchagua kituo kinachofaa kumpokea mgonjwa, kisha huita gari la wagonjwa. Gari hilo likikosekana huitwa dereva ngazi ya jamii, mwenye gari lake binafsi na makubaliano ya kulipwa kwa safari.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Simu ya 115 inapambana hasa na ule wa pili. Ikikwama, ucheleweshaji huo unarudi wote.

Chukulia mfano wa Nduruma. Kata hiyo imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, kusini-mashariki mwa jiji, ikinyweshwa na Mto Nduruma unaoteremka kutoka Mlima Meru wenye mita 4,566. Mgonjwa anayehitaji rufaa hupandishwa mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na akizidiwa huweza kupelekwa Hospitali ya KCMC, Moshi. Sasa mhudumu wa afya aliyeko huko chini anabonyeza 115. Simu inaingia kwenye mnara wa karibu, inasafirishwa hadi mitambo mikuu ya kampuni yake ya simu, ambayo huenda iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Mitambo hiyo inapaswa kutambua kwamba 115 si namba ya mteja bali ni namba fupi, na kwamba kutoka eneo hilo ipelekwe kwenye kituo fulani. Huko inaingia kwenye foleni, inaliza kifaa cha mratibu aliye zamu, na mratibu anapokea.

Hatua yoyote kati ya hizo ikikatika, mpigaji husikia jambo lilelile: kimya, au mlio wa laini inayotumika. Kwake yeye, "haipatikani". Mchambuzi ndiye anayepaswa kuigawa "haipatikani" hiyo. Hupiga 115 kutoka laini ya kila kampuni, kwa sababu namba fupi inaweza kuwa wazi upande mmoja na kufungwa upande mwingine. Huchukua kumbukumbu za simu na kutazama saa, dakika na sekunde: je, simu ilifika kituoni ikalia bila kupokewa, au haikufika kabisa? Jibu la kwanza linampeleka kwa msimamizi wa zamu, la pili kwa kampuni ya simu. Fundi anayekimbilia kubadilisha kifaa kabla ya kuuliza swali hilo atakuwa ametibu mgonjwa asiyeumwa.

Kazi hii ina hesabu pia, na mwasisi wake anajulikana. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 na 1917 kazi zilizoonyesha jinsi ya kukadiria idadi ya laini zinazohitajika. Tuseme swichibodi ya hospitali inapokea simu 60 katika saa yenye pilikapilika kuliko zote, na kila simu inachukua wastani wa dakika 3. Hizo ni dakika 180 za mazungumzo ndani ya dakika 60, yaani erlangi 3. Mkadiriaji wa haraka atasema laini 3 zinatosha. Lakini simu haziji kwa kupokezana, huja kwa mafungu. Kwa kanuni ya Erlang, laini 3 zitamfanya takriban mpigaji mmoja kati ya watatu akute zote zina watu. Zikiwa 5, watakaokwama ni kama 11 katika kila 100. Zikifika 8, hawafiki hata mmoja katika 100. Mchambuzi anayepeleka tarakimu hizo kwenye kikao cha bajeti anampa mganga mkuu sababu ya kununua laini, badala ya kulalamika kwamba simu ni chache.

Mahitaji hayo hubadilika ghafla. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, abiria aliyetua siku moja kabla katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kulazwa Mount Meru. Namba ya bure ya 199 ikawa miongoni mwa njia za wananchi kuuliza na kutoa taarifa. Katika majuma kama hayo kituo cha simu huhitaji laini na wapokeaji wengi kuliko kilivyopangiwa, na hesabu ya mwezi uliopita haifai tena.

Umeme nao una somo lake. Simu ya mezani ya zamani hupata nishati kupitia waya uleule wa sauti, kwa volti 48 kutoka betri za kituo cha simu, ndiyo maana iliendelea kulia mtaa mzima ukiwa gizani. Simu inayotumia intaneti haina bahati hiyo: swichi ya mtandao ikizimika, nayo imezimika. Ina masharti mengine pia. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, yanataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yasikwame. Uingereza imekutana na ugumu huu kwa upana wa nchi. Mpango wa kuzima mtandao wa zamani wa simu ifikapo mwisho wa 2025 ulisogezwa hadi Januari 2027, sababu mojawapo ikiwa ni usalama wa wazee na wagonjwa wanaotegemea vifaa vya kuomba msaada vilivyofungwa kwenye laini hizo.

Huko huko Uingereza, mwaka 2004, wakala wa usalama wa wagonjwa ulizitaka hospitali zitumie namba moja ya ndani, 2222, kuita timu ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Kabla ya hapo hospitali zilitumia namba tofautitofauti, na daktari aliyehamia alilazimika kukariri upya. Uamuzi huo haukugharimu dawa wala kitanda, ila ulihitaji mtu anayeijua mitambo ya simu na anayeelewa wodi inavyofanya kazi.

Nchini Tanzania majukumu haya kwa kawaida humwangukia Afisa TEHAMA, ambaye wakati huohuo anahudumia mfumo wa taarifa za hospitali wa GoT-HoMIS, kompyuta za mapokezi na printa za maabara. Afisa huyo anastahili heshima, na kazi ya simu inastahili jina ndani ya kitengo chake, kwa sababu kazi isiyo na jina haipangiwi mtu, mafunzo wala vipuri.

Istilahi zinazoizunguka kazi hii zinaweza kupangwa bila mgongano. Mpokea simu hujibu na kuunganisha. Mratibu wa dharura huamua gari na kituo. Fundi mitambo ya simu hufunga nyaya na vifaa. Mhandisi wa mawasiliano hubuni mtandao. Mchambuzi wa mifumo ya simu huchunguza, hupima na kuwasaidia hao wote. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya kusanifisha istilahi za namna hii. Wingi wa cheo kinachopendekezwa hapa ni wachambuzi wa mifumo ya simu, na kazi yenyewe ni uchambuzi wa mifumo ya simu. Katika tangazo la kazi la hospitali, jukumu la kwanza linaweza kuandikwa hivi: kufuatilia kila simu ya dharura isiyopokewa, kubaini ilikatikia wapi, na kuhakikisha kasoro hiyo imeondolewa kabla ya zamu inayofuata.