Kitako cha bunduki ya kuwindia: nini kuangalia mbele ya kubadilisha

Kitako ni ile sehemu ya mbao ao plastiki yenye mwindaji anashika na kuegemeza begani. Kwenye bunduki ya kukoka kwa mkono, kama Mauser 98, kikipasuka kinaweza kubadilishwa. Lakini lazima kiwe cha aina ile ile ya bunduki. Chuma kikicheza ndani ya mbao, nguvu ya bunduki kurudi nyuma itaipasua tena.

Pili ni urefu, kutoka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako. Kikiwa kirefu, kinanasa kwenye nguo. Kikiwa kifupi, darubini inaweza kumpiga mtu kwenye jicho.

Tatu, kimetengenezwa na nini? Mbao ya mjozi, mti wenye kupendwa sana Ulaya kwa kazi hii, ni nzuri. Lakini ikipata unyevu inavimba, inasukuma mtutu, na risasi inaenda pengine. Plastiki haivimbi, ila ile laini inapindika. Fundi anapima kwa karatasi: mara nyingi inapaswa kupita kati ya mtutu na kitako bila kukwama.

Nchini Kongo, silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Basi mbele ya kitako, ruhusa.