Mzigo wa Jina

Siku ya kuhamia bweni la chuo, mwenzangu wa Pwani alinisukumia begi lake. "Wewe si Mnyamwezi? Beba. Kazi hiyo iko kwenye damu yenu." Nikacheka, nikabeba, utani una haki yake. Usiku ndipo nilipojiuliza: kazi huingiaje kwenye damu?

Nimekulia Kanyenye, Tabora mjini, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kwetu hata jina tulipewa njiani. Wazee walijitambua kwa nchi zao, kama Unyanyembe na Usumbwa. Watu wa Pwani ndio waliowajumlisha wote kuwa Wanyamwezi.

Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Aliandika kwamba kwa vijana wa hapa safari ya upagazi ilikuwa imekuwa kipimo cha uanaume. Ilikuwa imekuwa, yaani kuna wakati haikuwa. Wengi waliondoka kiangazi, baada ya mavuno, wakarudi kulima. Walipatana ujira wa vitambaa na shanga, na wasiporidhika walitua mizigo. Wengine walikuwa wafanyabiashara wenye misafara yao wenyewe. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Usumbwa, alikwenda Katanga kibiashara akaishia kuwa mtawala.

Sifa ya ubebaji ilimfaa zaidi mwajiri. Mtu anayepatana bei ni mfanyakazi. Mtu "aliyezaliwa kubeba" haulizwi bei. Wakati wa Wajerumani, wenye mashamba ya mkonge waliwasaka Wanyamwezi kwa sifa hiyohiyo. Kisha, mwaka 1912, reli ya kati ikafika Tabora, na misafara mikubwa ya njia ile ikafifia. Kama upagazi ungekuwa damu, reli isingeuweza. Ilikuwa ajira.

Ningeishia hapa ningejisafisha bure. Utotoni, sisi wa Kanyenye tulitishana kwamba Wamanyema wanakula watu. Hatukujua uvumi huo umetoka wapi. Ulisambaa kwenye njia hiyohiyo, enzi ambazo watu wengi wa Manyema, mashariki mwa Kongo, walitekwa na kuletwa huku utumwani. Nao ulikuwa na faida yake: ukishamwita mtu mla watu, pingu ya shingoni mwake haikunyimi usingizi.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "watu wa kabila fulani ndivyo walivyo", siulizi kwanza kama ni kweli. Nauliza ni nani aliyepunguziwa gharama kwa kuamini hivyo.

Kesho yake nilimdai mwenzangu ujira wangu: mikono minne ya merikani. Alicheka, akaninunulia chai. Huo ndio utani; kila mtu ana zamu ya kujibu. Lakini kulikuwa na bibi wa Kimanyema mtaani kwetu, aliyekuwa akitusalimia nasi tukikimbia. Yeye hakuwahi kupewa zamu.