Atbara, mji wa karakana za reli

Atbara iko kaskazini mwa Sudan, pale Mto Atbara unapomwaga maji yake kwenye Nile. Reli ilifika hapo mwaka 1898 kwa ajili ya vita. Jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener liliitandika kutoka Wadi Halfa, likikatiza jangwa, ili kusafirisha askari na chakula katika kampeni dhidi ya dola ya Mahdi iliyotawala Sudan. Baada ya ushindi mahali hapo pangeweza kabisa kusahaulika. Lakini mwaka 1906 ikafunguliwa njia ya pili, kwenda Bahari ya Shamu, na kwa kuwa njia hizo mbili zilikutana Atbara, makao makuu ya reli na karakana zake yakahamishiwa huko kutoka Halfa.

Karakana ndizo zilizoujenga mji. Humo vichwa vya treni vilifunguliwa, vikakarabatiwa na kuunganishwa upya; wahunzi, maseremala na mafundi mitambo walitoka vijiji vya kandokando ya Nile na mbali zaidi. Waingereza walikaa kwenye nyumba zenye bustani na miti ya kivuli, kati ya reli na mto. Wasudani walijenga upande wa pili wa reli, kwa udongo. Saa za mji zilikuwa za king'ora. Kilipolia cha kutoka kazini, lango lilifunguka na barabara ikafurika baiskeli.

Watu waliofanya kazi bega kwa bega namna hiyo hawakukawia kudai haki kwa pamoja. Julai 1947 waliandamana hadi ofisi za reli wakitaka chama chao kitambuliwe. Viongozi walikamatwa, lakini mgomo uliofuata uliwalazimisha watawala kukubali, maana mizigo mingi ya Sudan ilipita relini na reli ikisimama nchi nzima iliumia. Mwaka uliofuata waligoma tena, safari hii kwa siku 33, wakidai nyongeza ya mshahara. Hapo ndipo hasa ulipoanza uzito wa vyama vya wafanyakazi katika siasa za Sudan.

Uzito huo uliwaponza. Mwaka 1981 serikali ya Nimeiri iliuvunja mgomo wao, na miaka ya mwanzo ya 1990 utawala wa Bashir uliwaachisha kazi maelfu ya wafanyakazi wa reli. Karakana zikadorora, treni zikapungua. Hata hivyo, Desemba 2018, bei ya mkate ilipopanda, Atbara ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuingia barabarani. Bashir alipokwisha kuangushwa, Aprili 2019, treni iliyosheheni waandamanaji ndani na juu ya mabehewa iliondoka Atbara kwenda Khartoum kudai jeshi liwakabidhi raia madaraka.